Hofu ya daktari wa meno: usisubiri shavu livimbe

Ndugu yangu wa Goma, umeandika kwamba gego la chini linakunyima usingizi, unameza dawa za maumivu kila usiku, na ukifika mlangoni pa daktari wa meno unageuza. Nakuelewa sana. Mimi ni wa Bukavu, na kwa miaka mingi nilitafunia upande mmoja ili nisikalie kile kiti.

Wanaokuambia "jikaze" hawakusaidii. Hofu yangu ilianzia utotoni: nilipelekwa kung'olewa jino shavu likiwa limevimba, jicho limekaribia kufunga. Watu wazima wakanishika mikono na miguu, hakuna aliyenieleza kinachokuja, na sindano haikushika. Nilisikia kila kitu. Tangu siku ile niliamini ganzi ni maneno tu.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja, mama wa makamo, pale Nyawera, mtaa wa hapa kwetu Bukavu. Alinieleza kwamba penye usaha mwili unakuwa na tindikali zaidi, na dawa ya ganzi inashindwa kupenya vizuri kwenye mshipa wa fahamu. Basi tunaogopa, tunachelewa, tunakwenda tumeshavimba, tunaumia kweli, kisha tunawasimulia wengine nao wanaogopa. Nina hakika hadithi nyingi za kutisha zinatoka hapo. Jino lililotoboka bila uvimbe ni kazi tofauti kabisa, na mara nyingi linazibwa tu, haling'olewi.

Siku nilipokaa kwake, kabla ya kugusa chombo chochote, tulikubaliana: nikiinua mkono wa kushoto, anasimama. Nikauinua mapema kwa kumjaribu, akasimama kweli, mikono hewani. Hapo mabega yangu yalishuka. Alichoma sindano polepole (ikisukumwa haraka ndiyo inauma zaidi), akangoja mdomo ufe ganzi, kisha akagusagusa ufizi kwa ncha ya chombo akiniuliza, "Unasikia kuchoma, ao kusukuma?" Swali hilo ni muhimu. Ganzi inaondoa maumivu, haiondoi msukumo. Jino likitikiswa utausikia uzito wake na mlio wake hadi sikioni, na asiyeambiwa mapema anadhani dawa imeisha. Moyo nao unaweza kwenda mbio kidogo baada ya sindano, kwa kuwa mara nyingi dawa hiyo huchanganywa na adrenalini. Hutulia baada ya muda mfupi.

Kwa hiyo mwambie daktari wazi, tangu mlangoni, kwamba unaogopa. Uliza atafanya nini na bei yake, maana wengine wetu hofu yetu nusu ni ya mfuko. Asiyekubali kusimama ukiinua mkono, tafuta mwingine. Kula kabla ya kwenda, na nenda asubuhi usije ukashinda na mawazo. Na tafadhali, usiweke aspirini juu ya ufizi kama wanavyoshauri mtaani, inaunguza nyama.

Niambie shavu likoje sasa. Kama limevimba, daktari anaweza kutoa usaha kwanza au kuchoma ganzi mbali na uvimbe. Lakini uvimbe ukishuka shingoni, ukapata homa, au kumeza na kupumua kukawa kugumu, usingoje hata kesho: nenda hospitali leo hii, iwe usiku.