Jibu: Methali za Ayalandi zilihifadhiwaje?

Ndugu yangu, umeuliza iwapo methali za familia za mashambani nchini Ayalandi zilirithiwa kwa mdomo pekee. Kwa muda mrefu ndivyo ilivyokuwa. Lakini kati ya 1937 na 1939, tume ya kukusanya mapokeo ya nchi hiyo, iliyoundwa 1935, iliwaomba wanafunzi wa shule za msingi waandike madaftarini yale waliyosimuliwa na wazazi, mababu na majirani, methali zikiwemo.

Niipendayo mno ni “Ar scáth a chéile a mhaireann na daoine”, yaani watu huishi katika kivuli cha wenzao. Uzuri wake umo katika neno “scáth”, ambalo kwa Kiayalandi ni kivuli na vilevile hifadhi.