Kabla hujasimama kuwasemea ambao hawajazaliwa

Kila mwaka huja vijana wawili watatu kujitolea ofisini kwetu, na swali lao la kwanza ni lilelile: mkutano wa kimataifa wa tabianchi safari hii uko wapi, na beji ya kuingilia hupatikana vipi? Siwalaumu. Nami nilianza hivyo hivyo. Lakini miaka kumi na moja ya kazi hii ya kutetea mazingira kwa ajili ya vizazi vijavyo hapa Pwani ya Kenya imenionyesha kwamba mambo ya mtoto ambaye hajazaliwa huamuliwa mapema zaidi, chini ya mwembe, na katika karatasi ambazo hakuna anayetaka kuzisoma. Ninayoandika hapa ni kwa anayeanza.

Anza kwa kuyajua maji. Kikao changu cha kwanza nilikipanga saa nne asubuhi, siku ya bamvua. Nilikodi hema na viti sitini. Wakaja wazee saba na balozi wa nyumba kumi. Wanawake wote walikuwa mwambani na fimbo zao wakitafuta pweza, maana siku za bamvua saa kama hiyo maji hutoka mbali na mwamba hubaki wazi. Niliporudi mjini nikaandika kwenye ripoti kwamba jamii haina mwamko. Ripoti ile ninayo mpaka leo, na kila nikiisoma naona aibu. Siku hizi natazama mwezi kwanza, kalenda baadaye: siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali, baada ya swala ya alasiri, ndipo watu hukaa wakasikilizana. Ukitumwa bara kwa wafugaji, ulizia soko la mifugo ni siku gani.

Kisha lugha. Tulichapisha fulana zenye maneno haya: dunia hatukuirithi kwa wazee, tumeikopa kwa watoto wetu. Mzee mmoja mvuvi aliisoma fulana yangu polepole, akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, mkopo huu tutaulipa lini? Na riba yake mmeihesabu?" Baraza zima likacheka. Lakini ni yeye huyo aliyenipa neno nililokuwa nikilitafuta. Akanyoosha kidole nyuma ya msikiti, penye shamba la minazi la wakfu. Msimamizi wake huangua nazi akauza, pesa zikatengeneza kisima na kuwasaidia mayatima. Mnazi ukifa hupanda mwingine. Kuliuza shamba hawezi, hata akishikwa na njaa, kwa kuwa si lake, wala si la walio hai peke yao. "Sasa wewe ukituambia bahari nayo ni wakfu," akasema, "hapo tunakuelewa."

Nilikuwa nimetumia mwaka mzima nikisema "haki baina ya vizazi" kwa watu walioijua haki hiyo kabla babu yangu hajazaliwa. Wakfu haufai kila mahali, bila shaka. Kwa Wamijikenda mazungumzo huanzia msitu wa kaya, msitu wao mtakatifu, nao una miiko yake ya nani aingie na nini kisikatwe. La muhimu ni kuuliza watu hapo wana kitu gani tayari ambacho hakiuzwi.

Ila mzee hakuishia hapo, nawe usitarajie wataishia hapo. "Na mimi leo nile nini?" Swali hili huwakera vijana wengi, huliona ni ubinafsi. Mimi naliona ndilo swali lenyewe. Haki ya wajukuu isigharimiwe na babu maskini peke yake wakati aliyechafua hewa yuko mbali na hajachangia kitu. Ukikosa jibu la swali hili, huna ajenda, una mahubiri. Nenda Gazi, Kwale, ukaone jibu moja lenye miguu: Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013, ambapo vijiji vya Gazi na Makongeni hulinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, yaani walio mbali hulipa ili hewa hiyo ibaki imefungwa mikokoni. Pesa zinazopatikana zimeingia kwenye maji na shule. Si nyingi, na soko la hewa ya ukaa lina madalali wake ambao sitawaeleza hapa. Lakini pale mtu anaweza kukuonyesha bomba, akakwambia maji haya yametokana na mikoko ile.

Sasa karatasi, ambazo ndizo hasa zilizonifanya niandike. Soma Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kinataja kwa jina kizazi hiki na vizazi vijavyo. Kila kijana hukikariri hicho. Cha 70 hawakifiki, na ndicho chenye meno: anayekwenda mahakamani kulinda haki hiyo halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshapata hasara au kuumia. Fikiria maana yake. Mteja wako hajazaliwa. Hana pafu lililoharibika wala hati ya daktari. Bila ya kifungu hicho ungefukuzwa mlangoni.

Na usome kanuni, si Katiba tu. Kesi ya Lamu ndiyo shule yangu. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kilikuwa kijengwe Kwasasi, huko Lamu. Leseni ya mazingira ilitolewa Septemba 2016. Wakazi walikuwa na siku 60 za kukata rufaa, wakaziwahi. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni. Ukisoma uamuzi ule utaona hoja nzito haikuwa moshi. Ilikuwa kwamba wananchi walikutanishwa kabla ripoti ya athari haijawa tayari, na ilipokuwa tayari hawakushirikishwa ipasavyo. Na kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Yaani kesi ilishikwa na nani aliitwa, lini, akaonyeshwa nini.

Ndiyo maana nakuonya juu ya karatasi ya mahudhurio. Mwaka wangu wa pili nilimsaidia mtu wa mradi fulani, si Lamu, kuitisha kikao. Karatasi ilizunguka haina kichwa: mistari tu, jina, nambari ya simu, sahihi. Watu wakatia sahihi kwa kuwa ndiyo iliyotoa nauli, shilingi mia tano. Miezi minne baadaye nikaziona sahihi zilezile, pamoja na kidole gumba cha bibi mmoja kilichotiwa wino wa zambarau, zimebanwa nyuma ya ripoti ya tathmini chini ya maneno "waliokubali mradi". Bibi yule alikuwa amekuja kuuliza kaburi la mumewe litahamishwa au la. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa chai, hakunilaumu, na hilo lilinichoma kuliko matusi.

Tangu siku hiyo karatasi zangu huwa na kichwa, tarehe, na mstari wa wino kila ukurasa: kuhudhuria si kukubali. Nauli hutolewa kwa karatasi nyingine. Na kabla kikao hakijafungwa nazipiga picha zote kwa simu yangu mwenyewe.

Kuhusu mshahara nitasema kwa ufupi: mdogo, na huja kwa mkataba wa mwaka mmoja, ukibahatika. Wafadhili hutaka matokeo kila robo mwaka ya jambo linalohesabiwa kwa karne. Jifunze fani inayosimama yenyewe, sheria, uhasibu, upimaji wa ardhi, ili siku mradi ukifungwa usibaki na fulana tu.

Vijana hupenda kunitajia wanafunzi wa sheria 27 wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini kule Vanuatu, waliowaza darasani 2019 kwamba suala la tabianchi lipelekwe Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na tarehe 23 Julai 2025 mahakama hiyo ikatoa maoni yake kuhusu wajibu wa mataifa juu ya tabianchi. Nami nawapenda wale vijana. Lakini hesabu: miaka sita. Lamu nako, rufaa ya kampuni ilitupwa na mahakama ya Malindi Oktoba 2025, miaka tisa baada ya leseni. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza leseni ilipotoka alikuwa ameshaingia sekondari. Hicho kizazi kijacho tulichokuwa tukikitaja mabarazani kilitufikia kesi ikiendelea.

Kwa hiyo uandike ukijua atakayesoma si wewe. Mimi nimebadilisha waajiri mara nne, na kila nilipoondoka nilikuta nusu ya kumbukumbu imo kichwani mwangu na nusu imo kwenye kompyuta ambayo mtu ataifuta. Sasa ninalo sanduku la bati: nakala za mahudhurio, barua zilizogongwa muhuri wa kupokelewa, mihutasari iliyosainiwa na wazee ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Wiki iliyopita nilimwonyesha binti aliyejiunga nasi mwezi huu mahali ufunguo unapokaa. Ana miaka ishirini na mbili. Aliuliza kama beji za mkutano zimeshatoka.