Betri ya kuvulia samaki juu ya barafu
Ndugu, umeuliza kama betri ya volti 12, Ah 20 (ampea-saa, yaani ampea mara saa), itakutosha kutwa kwenye hema la kuvulia ziwani Minnesota, Marekani. Kwa hesabu inatosha: sona (kifaa cha kutafutia samaki chini ya maji) ikila ampea 1, taa ya LED nusu ampea na simu ampea 1, jumla 2.5, unapata saa 8. Kazi iko kwenye baridi. Betri ya asidi ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri hubakiwa na kama nusu ya uwezo wake, na kuimaliza kabisa ni kuiua. Mimi ningechukua ya lithiamu, LiFePO4, nikaiweka ndani ya boksi la povu juu ya ubao, isigusane na barafu. Ila tafadhali sana, usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, seli zinaharibika moja kwa moja. Iache ipate joto nyumbani kwanza.

Fyuzi ifunge kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya nini? Inakula umeme bure. Tumia soketi ya USB ya volti 12. Hita ya umeme sahau, ya wati 1,500 inavuta zaidi ya ampea 120. Ukiwasha ya gesi, acha matundu ya hewa wazi na uwe na king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu.