Usiwape faili la modeli, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Chamwino, umeuliza kama uiuzie kampuni ya nje programu yako ya akili mnemba inayohesabu mbuzi na mizabibu kwa picha za droni, ukihofia isije ikaishia kwa jeshi la nchi nyingine. Hofu yako ni ya kweli kabisa. Modeli (ubongo wa programu yako) inayotambua mbuzi kutoka angani, ikifundishwa upya kwa picha nyingine, hutambua magari, hata watu.

Leseni peke yake haitoshi. Ile ya Llama, modeli ya Meta (wenye Facebook) inayopakuliwa bure, ilikataza matumizi ya kijeshi, lakini mwaka 2024 iliripotiwa kuwa watafiti wenye uhusiano na jeshi la China waliitumia. Faili likishapakuliwa hulirudishi tena; maji yakimwagika hayazoleki.

Modeli ibaki kwenye seva yako, yaani kompyuta unayoisimamia mwenyewe. Wao watume picha, wewe uwarudishie idadi tu, na kila ombi ulihifadhie kumbukumbu. Picha zako za mashamba usitoe kabisa (Chamwino iko Dodoma, makao makuu ya nchi, ujue). Kisha waulize kwa maandishi: mtumiaji wa mwisho ni nani? Wakizungusha maneno, achana nao, nakuomba sana, hata dau liwe nono vipi. Mkataba apitie mwanasheria kabla hujasaini.