Bi Karani Anajibu: Wakili wa wanawake hawezi kuwa jaji?

SWALI: Shikamoo Bi Karani. Nasoma sheria, niko mwaka wa tatu, na nia yangu ni siku moja niwe jaji. Likizoni najitolea kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Kesi nyingi ni za wanawake, mirathi na talaka. Mjomba ananambia niache, kwani aliyewatetea wanawake hataaminiwa akikaa kitini. Anasema majaji wa shirikisho wa Marekani huachiwa kazi mpaka kufa kwa sababu hawana upande. Ni kweli?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba mpe heshima yake, lakini mfano wa Marekani angeuacha. Huko huko ndiko alikokuwa Constance Baker Motley, na miaka yake ya uwakili aliimaliza akiwa na upande, tena hakuuficha.

Alizaliwa New Haven mwaka 1921, wazazi wakitoka kisiwa cha Nevis, baba mpishi. Pesa za chuo hazikuwapo. Tajiri mmoja Mzungu alimsikia akizungumza mbele ya watu, akajitolea kumlipia. Alipohitimu sheria Columbia mwaka 1946, alikuwa tayari anafanya kazi na wakili mweusi Thurgood Marshall (ndiye huyo aliyewashauri wajumbe wetu kwenye mazungumzo ya katiba ya Kenya kule Lancaster House, London, mwaka 1960). Walipigania watoto weusi wasome shule moja na weupe. Ni Motley aliyemsimamia mwanafunzi mweusi James Meredith mpaka akaingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962. Mbele ya Mahakama ya Juu alitetea kesi 10, akashinda 9.

Januari 1966 Rais Lyndon Johnson akamteua kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho, New York. Kabla yake hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kukalia kiti hicho nchini mwao. James Eastland, seneta wa Mississippi aliyeongoza kamati inayopitia majina ya majaji, akalikalia jina lake. Hakuidhinishwa mpaka Agosti.

Sasa sikiliza hili la mwaka 1975. Mawakili wanawake waliishtaki kampuni kubwa ya uwakili, Sullivan & Cromwell, kwamba inawabagua katika ajira. Kesi ikamwangukia Motley. Kampuni ikamtaka ajitoe: ni mwanamke, ni mweusi, na alishawatetea waliobaguliwa. Akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kila jaji ana jinsia na ana rangi, na wengi walikuwa mawakili. Hayo yakitosha kumwondoa mtu, basi hakuna jaji hata mmoja wa mahakama ile angeweza kuisikiliza. Naipenda hoja hiyo, haina hata chembe ya kuomba radhi. Mimi nimeketi miaka mingi chini ya meza ya jaji, majaji wa kila namna, na sikusikia hata mara moja mwanamume akiulizwa kama uanaume wake utamzuia kuamua rufaa ya talaka iliyotoka kwa Kadhi.

Kinachomtoa jaji kwenye kesi ni undugu, maslahi yake, au shauri alilolishika mwenyewe akiwa wakili. Ukipata kiti, mafaili ya ofisi yenu hutayagusa. Mengine utaamua kwa ushahidi.

Kuhusu kukaa mpaka kufa, hapo mjomba ana nusu ya ukweli. Katiba yao haikuweka umri wa kustaafu, jaji haondolewi ila na Bunge kwa makosa mazito, na mshahara wake haupunguzwi akiwa kazini. Hayo yamewekwa ili aweze kumuudhi hata rais aliyemteua na bado alale usingizi. Motley alibaki jaji mpaka alipofariki mwaka 2005, ingawa tangu 1986 alikuwa amepunguziwa mzigo. Kwetu mwisho ni miaka 70.

Kazi yenyewe hukuniuliza, nami nitakwambia. Jaji anayesikiliza kesi inapoanza, kabla haijafika rufaa, hushinda na watu kuliko vitabu. Huko Marekani wana raia wa kawaida wanaoketi kuamua nani mkweli, na karani wa mashine anayenasa kila neno. Hapa wazee wa baraza, raia waliokaa na jaji kumshauri, waliondolewa mwaka 2007, na katika siku zangu jaji aliandika kila kitu kwa mkono wake. Shahidi wa Kwale anamwaga Kidigo, mimi nageuza Kiingereza, jaji ananyanyua kalamu: polepole, mama. Saa nane mchana, feni imeharibika, wakili anarudia swali lile lile, na wewe huruhusiwi hata kupiga miayo.

Kwa hiyo ofisi hiyo usiiache. Ujaji wa Mahakama Kuu unataka uzoefu wa miaka 10, na Tume ya Huduma za Mahakama huwahoji waombaji hadharani. Watakuuliza ulimtumikia nani. Likizo hii pia nenda Mahakama Kuu hapa Mombasa ukasikilize, kesi nyingi ziko wazi kwa yeyote. Zima simu, na benchi la mbele waachie mawakili.