Tembo la mnazi Unguja: ulizia kwa adabu

Ndugu yangu, umesema umeshaonja mbege Moshi na ulanzi Iringa, sasa waja Unguja wiki mbili na wataka pombe ya asili ya huku. Ipo: tembo la mnazi. Ila usitarajie vilabu kama vya bara. Wengi wetu Waislamu, tembo hunywewa pembeni, hasa mashamba. Mwambie mwenyeji wako akuulizie. Usiende ukapiga kelele barazani kwa watu.

Mgema hukwea mnazi asubuhi na jioni, akakata ncha ya karara, yaani kifuko cha maua ya mnazi, maji yakadondoka ndani ya kibuyu. Likiteremshwa asubuhi ni tamu, jeupe kama maji ya mchele, lina povu kidogo. Bibi yangu, ambaye hata harufu ya pombe haitaki, alikuwa akilitia kwenye unga wa vitumbua badala ya hamira! Ukilingoja hadi jioni limeshakuwa kali, na kesho yake karibu siki. Kwa hiyo onja la asubuhi.

Gongo, ile pombe kali ya kienyeji, usiiguse, hujui imepikwaje. Na kama safari yako imeangukia Ramadhani, bora usubiri magharibi ukanywe juisi ya miwa kwenye bustani ya Forodhani mjini, yenye ndimu na tangawizi.