Mkate wa majani ya kunukia kwenye sufuria nzito: kazi inafanywa na mfuniko

Mkuu, umeuliza kama mtu asiye na oveni anaweza kuoka mkate wa rozimeri na kitunguu saumu kwenye sufuria nzito juu ya jiko la mkaa, na kwa nini wako unaungua chini huku ndani ukibaki mbichi. Mimi naoka hivyo hapa Tanga. Inawezekana, tena bila kukanda. Hilo la pili nalijibu kwa kirefu, maana wengi wamekushauri uongeze hamira, wakati tatizo lako ni moto.

Donge likiingia kwenye joto kali, hewa iliyotengenezwa na hamira inavimba na maji ya ndani yanageuka mvuke, kwa hiyo mkate unataka kupanda. Wakati huohuo ngozi ya juu inataka kukauka. Ikikauka mapema mkate hauna tena nafasi ya kupanda. Unabaki mdogo, mzito, una ganda kama kigae. Waokaji wa matanuri makubwa huingiza mvuke tanurini dakika za mwanzo ili ngozi ibaki laini. Ukifunika sufuria nzito, mvuke unaotoka kwenye donge lenyewe unabanwa humo ndani na kufanya kazi hiyohiyo. Baadaye unauachia utoke, ndipo ganda linakauka, linapata rangi na kuanza kulia likibonyezwa.

Kwa hiyo sufuria iwe nene na mfuniko ukae sawasawa, usicheze. Ya chuma ndiyo bora, lakini ile nene ya pilau nayo inafaa. Kishikio cha plastiki kifungue kabla. Sufuria za teflon usizitumie hapa: unapasha sufuria tupu kwa moto mkali, na teflon ikipita nyuzi 260 za selsiasi huanza kuharibika na kutoa moshi wenye sumu.

Vipimo: unga mweupe wa ngano nusu kilo, maji mililita 375, chumvi gramu 10 (kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichojaa kidogo), hamira kavu robo kijiko cha chai. Ndiyo, robo. Koroga kwa mwiko mpaka usione unga mkavu, funika, kalale. Donge litakuwa linanata na litakutia shaka, ila usiongeze unga. Maji mengi na muda mrefu ndivyo vinavyojenga ule mvuto ambao kwa kawaida tunautafuta kwa kukanda. Njia hii ilisambaa duniani kutoka kwa mwokaji wa New York, Jim Lahey, baada ya Mark Bittman kuiandika kwenye New York Times mwezi Novemba 2006. Wao walisema liache saa 12 hadi 18. Huku pwani ukilisubiri muda wote huo utakuta limeshuka na linanuka pombe. Nikichanganya saa nne usiku, alfajiri saa kumi na mbili liko tayari, na wakati wa joto kali natumia maji ya baridi ili lisiwahi. Wa kwenye baridi, kama Lushoto au Njombe, wafuate zile saa za New York. Angalia donge zaidi ya saa: liwe limekua mara mbili, juu limejaa mapovu, ukitikisa bakuli linatetemeka.

Sasa majani. Rozimeri na thaimu vinavumilia moto, hivyo vichanganye na unga tangu mwanzo: vijiko viwili vya chakula vya majani mabichi yaliyokatwakatwa, au theluthi ya hapo kama ni makavu, maana makavu yana nguvu zaidi. Usizidishe rozimeri, itakupa ladha ya dawa. Mrehani, giligilani na kotmiri sivipeleki motoni kabisa. Rangi inakuwa nyeusi na harufu inapotea. Hivyo navikatia kwenye siagi na kupaka mkate ukishaiva. Kitunguu saumu kibichi kisiwe kingi kwenye donge, kwa sababu kinaidhoofisha hamira. Mimi nakikaanga kidogo kwa mafuta mpaka kilainike, kipoe, ndipo nakitia wakati wa kukunja donge. Vipande vikibaki juu ya ngozi vinaungua na kuwa vichungu, kwa hiyo visukumie ndani.

Kukunja ni kazi fupi: nyunyiza unga mezani, mwaga donge, vuta kila upande uulete katikati, geuza, liweke kwenye karatasi ya kuokea. Lipumzike kama dakika 45 wakati unawasha mkaa.

Hapa kwenye moto ndipo nadhani unapokosea. Wewe unaweka mkaa wote chini. Chini panaungua kabla joto halijafika katikati, na juu hapapati kitu zaidi ya mvuke. Kina mama wa pwani wanaooka mkate wa kumimina hupalia makaa juu ya mfuniko, na ndivyo inavyotakiwa hapa. Kati ya makaa yako yote, theluthi moja ibaki chini, theluthi mbili zipande juu. Mfuniko ukiwa umebinuka juu makaa yataporomoka, basi tumia wa bapa au sinia la chuma. Pasha sufuria tupu kwanza, juu na chini, dakika 20 hivi. Tone la maji likidondoka ndani liruke na kukauka mara moja. Inua mfuniko ukiwa mlalo, majivu yasimwagike ndani, shusha donge pamoja na karatasi yake, funika upesi.

Dakika 30 usifungue. Najua mkono unawasha, ila kila ukichungulia unapoteza mvuke na joto. Zikiisha, fungua mvuke utoke, punguza makaa ya chini mpaka yabaki machache pembeni, kisha rudisha mfuniko ukiuwekea kijiwe kidogo ukingoni upate upenyo. Ongeza makaa mapya juu. Dakika 15 hadi 25 zaidi zitaleta rangi. Mwenye oveni aweke nyuzi 230, sufuria ipashwe nusu saa, na mwishoni aondoe mfuniko kabisa.

Yote haya fanyia nje au barazani. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua kwa hewa ya kaboni monoksaidi, na haina harufu ya kukuonya.

Kujua kama umeiva, geuza mkate ugonge chini kwa kidole. Mlio uwe wa kitu chenye uwazi ndani. Halafu uweke kwenye waya au chekeche pana, usiukate kwa saa moja. Wengi wanaosema mkate wao mbichi wameukata ungali moto, wakati wanga wa ndani haujatulia na mvuke bado upo. Yawezekana na wako ulikuwa na nafuu kuliko ulivyodhani.

Kuhusu unga wa atta (ule wa ngano wenye pumba zake) uliouliza mwishoni: badilisha robo tu ya unga mweupe, ongeza maji mililita 20 hivi kwa sababu pumba zinakunywa. Wa atta mtupu kwa njia hii unatoka mzito, mimi siupendi, ingawa mume wangu anaula na maharage ya nazi na hajawahi kulalamika.